Moto wa Duara: Kagwe, Thelathini na Moja, Amekufa

"Uchawi wa moto. Kagwe. Thelathini na moja. AMEKUFA!"

Emmah aliyasoma maneno hayo kwa sauti, polepole, mbele ya ukoo wake wote uliokusanyika Ruiru kumwombea babake.

Daftari lilikuwa langu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Na babake, Mzee Kagwe, alikuwa siku ya nne hospitalini Thika, ameungua kuanzia kiunoni hadi shingoni...

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Nilikuwa nasaidia kugawa chai, jamani! Birika likaniponyoka, chai ikamwagika kwenye zulia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeinama kulipanguza.

"Tarehe iko hapa," Emmah akaendelea. "Ameandika Jumapili. Baba ameungua Jumatano."

"Emmah!" nikapiga kelele. "Si unajua hiyo ni nini? Si ulikuwepo? Si ulicheza?"

Akaniangalia usoni. Huyo ni rafiki yangu wa kuazimana hadi viatu.

"Mimi sijui kitu," akasema.

Mzee mmoja wa kanisa akavua miwani. "Huyu msichana ni wa wapi?"

"Ni Mkamba," shangazi yao akajibu haraka. "Si nilisema? Si nilisema hiyo kamuti yake itatumaliza?"

Kama hujui kamuti, ni ile dawa ambayo watu husema wanawake wa Kikamba hufungia wanaume. Mimi sijawahi kuiona hata ikiuzwa. Lakini siku hiyo nilionekana nimezaliwa nayo mkononi.

Nikamtafuta Wainaina kwa macho. Wainaina ni kakake Emmah, na ndiye mwanaume niliyempenda. Alikuwa ameketi karibu na mlango.

Alikuwa anaangalia viatu vyake!

Naitwa Ndinda. Nimepita miaka hamsini sasa, na haya sijawahi kuyaandika popote. Tulieni niwaeleze yote, komenti mtaandika mkimaliza.

Ilikuwa mwaka wa 1996. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi Landless, Thika, na mama yangu Mbithe. Nilifanya kazi kiwandani, kupanga mananasi kwenye mikebe. Emmah alikuwa kwenye laini moja na mimi. Akitoka kwao Ruiru amechelewa, mimi ndiye nilimfichia kwa msimamizi.

Wa tatu wetu alikuwa Fahim, kijana wa Majengo. Kakake Waleed alikuwa anasoma India, akarudi likizo na bunda la karatasi za fotokopi. Kilikuwa kitabu cha sheria za mchezo.

Mchezo wenyewe hauchezwi na mpira wala karata. Mnakaa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia mko wapi, mnaona nini, na ni dubwana gani linakuja kuwala. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi: huyu shujaa wa upanga, yule mchawi, yule mwizi. Kila kiumbe kina namba ya uhai. Ukipigwa inapungua. Ikifika sifuri umekufa, na karatasi yako inachanwa.

Tulicheza kwa Kiswahili, kwa sababu mimi ni Mkamba, Emmah Mkikuyu, na Fahim Kiingereza cha kile kitabu alikielewa lakini hakukipenda. Ndiyo maana daftari langu lilijaa maneno kama "uchawi wa moto" na "uchawi wa usingizi". Hatukuwaza hata kidogo kwamba kuna siku mtu mwingine angelifungua.

Kitabu kilitaka dadu za pande ishirini. Thika ungezipata wapi? Tulichukua vizibo ishirini vya soda, tukaviandika namba kwa rangi ya kucha ya Emmah, tukavitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Unatia mkono bila kuangalia, unatoa kimoja. Kwa kuhesabu pigo, tulitumia dadu za ludo.

Kila Jumapili mchana tulikuwa barazani kwa kina Fahim, mamake akitukaangia mahamri na kutuita watoto wazima wasio na kazi.

Msimulizi nilikuwa mimi. Na msimulizi ndiye hakimu. Sheria ikileta utata, yeye ndiye anaisoma, na akishasema, basi.

Hapo mkumbuke vizuri... hakimu nilikuwa mimi.

Wiki moja kabla ya ule moto, Wainaina alinipeleka kwao kunionyesha kwa wazazi. Nilivaa sketi ya kuazima. Nilibeba sukari na majani ya chai. Mamake, Mama Gathoni, alinipokea kwa mikono miwili.

Mzee Kagwe alitoka chumbani, akanitazama mara moja tu.

"Unaitwa nani?"

"Ndinda."

"Ndinda." Akamgeukia mwanawe. "Mkamba? Umeniletea Mkamba nyumbani, na kamuti yake?"

"Baba, ngoja kwanza umsikie..." Wainaina akaanza.

"Nisikie nini? Rudi naye alikotoka."

Hata kiti sikupewa. Nilisimama pale na sukari yangu, nikageuka nikatoka. Wainaina alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nivumilie, mzee atapoa. Nililia usiku na mchana, na nilipomaliza kulia nikawa na hasira ambayo sikuwahi kuijua.

Jumapili iliyofuata, mlimani kwenye mchezo wetu, kulikuwa na jitu. Mfalme wa majitu! Lenye kofia ya kahawia na fimbo, kama Mzee mwenyewe.

"Linaitwaje?" Fahim akauliza.

"Kagwe," nikasema.

Emmah alicheka hadi machozi yakamtoka. "Aki Ndinda, wewe! Mpe na kile kikohozi chake!"

Sikilizeni vizuri. Emmah, aliyecheka hivyo, ndiye ambaye mtu wake wa kubuni alikuwa mchawi. Na ni yeye aliyesema, "Jitu limelala? Poa. Narusha moto wa duara."

Akatupa dadu nane za ludo. Akahesabu kwa kidole.

"Thelathini na moja!"

"Jitu lina uhai thelathini," nikasema. "Limekufa."

"Ngoja," Fahim akasema.

Tukaguna wote wawili. Fahim akisema ngoja, ujue mahamri yatapoa. Mtu huyu aliwahi kusimamisha mchezo wiki mbili kwa sababu ya pointi moja!

"Jitu litoe kizibo," akasema.

"Cha nini?"

"Cha kujiokoa. Cheki hapa. Kila aliye ndani ya duara la moto anatoa kizibo. Akipata kumi na mbili au zaidi, pigo ni nusu."

"Si amelala? Mtu amelala anajiokoaje?"

"Kitabu hakisemi aliyelala anyimwe."

"Wala hakisemi apewe!"

"Kinasema kila aliye ndani, Ndinda. Kila. Labda moto unamwamsha, labda anabingirika, labda blanketi ni nzito. Sio kazi yetu kujua. Kazi yetu ni kumpa nafasi."

"Fahim, jitu ni adui yako! Unalitetea la nini?"

"Silitetei jitu. Natetea sheria." Akachukua penseli. "Nusu ya thelathini na moja ni kumi na tano, ile nusu ndogo inaachwa. Toa kumi na tano kwa thelathini. Anabaki na kumi na tano. Anaishi."

"Akipata kumi na mbili," nikasema.

"Akipata. Basi mpe atoe tuone."

Nikauangalia ule mkebe. Ulikuwa pale mbele yangu, kuusogeza tu.

"Hapana," nikasema. "Hakimu ni mimi. Amelala, hapewi kizibo. Pigo zima. Amekufa."

Nikaandika. Herufi kubwa.

Fahim akalivuta daftari, akaandika pembeni kwa penseli: "Napinga. Hakupewa nafasi ya kujiokoa." Akatia sahihi, mtoto wa watu, kama yuko kortini.

Emmah akaondoka na daftari ili akanakili karatasi yake. Na hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili.

Jumatano mchana, stovu ya mafuta ya taa ililipuka jikoni kwa kina Emmah. Wenyewe walisema Mzee alikuwa amelala kwenye kochi lililo karibu na mlango wa jikoni, akijipumzisha baada ya chakula.

Amelala!

Nilipoambiwa hivyo niliketi chini palepale kwenye sakafu ya kiwanda. Msimamizi akadhani ni njaa.

Sasa mnaelewa kwa nini Emmah aliposoma lile daftari Jumamosi, sikuwa na la kusema. Ningeanzaje? Kwamba ni mchezo? Kwamba jitu ni la kubuni? Jina lilikuwa la kweli, moto ulikuwa wa kweli.

Nilisukumwa nje ya lile boma. Binamu yao mmoja akanifuata hadi kwenye geti.

"Mzee akifa," akasema, "msitungoje Landless. Wewe na mama yako."

Umbea una mbio. Kabla ya Jumatatu, Landless nzima ilijua. Kiwandani wanawake walihama laini yangu. Niliyezoea kugawana naye githeri alifunga mkebe wake aliponiona. Jioni ile jiwe lilianguka juu ya bati letu, halafu la pili.

Mama alikuwa anafunga nguo kwenye leso.

"Mwiitu, binti yangu, twende kwetu Kangundo."

"Mama, tukikimbia tutakuwa tumekubali."

"Ni uchawi?"

"Ni mchezo, mama! Ni mchezo tu!"

Mama akasimama na nguo mkononi. "Kama ni mchezo, kwa nini uliandika jina la mtu?"

Mpaka leo hilo swali lina makali.

Jumanne mchana mlango ukagongwa. Nikajua wamekuja.

Alikuwa Mama Gathoni, mke wa Mzee Kagwe, peke yake, amejifunika shuka kichwani. Mkononi ana daftari langu.

Mama yangu alisimama katikati ya mlango. "Mama Wainaina, kama ni kumpiga, anza na mimi."

"Sijaja kupiga mtu," akasema. "Nimekuja kusomewa."

Akaketi kitandani, akafungua ukurasa ule ule. Kidole chake kilipita juu ya herufi zangu kubwa kikatua pembeni, kwenye penseli.

"Hapa nilimwambia Emmah anisomee mara tatu. Pameandikwa napinga. Ni nani anapinga?"

"Ni Fahim. Rafiki yetu."

"Anapinga nini?"

"Mama, huo ni mchezo tu..."

"Nimekuuliza anapinga nini."

Nikamweleza. Nikamweleza duara la moto, kizibo, kumi na mbili, nusu. Mama wa watu alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha huo mchezo.

"Kwa hivyo kuna nusu," akasema.

"Kwenye mchezo, mama."

"Na Baba Wainaina hakupewa hiyo nusu."

"Hakupewa nafasi ya kuitafuta."

"Ni nani alimnyima? Ni kitabu?"

Nilitamani niseme ni kitabu. Ngai anajua nilitamani.

"Ni mimi," nikasema.

Akafunga daftari. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lilinitisha zaidi.

"Mwari wakwa, mwanangu, daktari ameniambia nijiandae. Mimi sijui kama wewe ni mchawi. Sitaki kujua. Nataka twende hospitali, umpe hicho kizibo."

"Mama, siwezi! Nikifanya hivyo watu watasema nimekubali. Watasema kweli nilimroga ndio sasa naondoa!"

"Umesema ni mchezo tu."

"Ni mchezo tu!"

"Basi kama ni mchezo tu, kuna ubaya gani kuucheza tena?"

Hapo akanifunga. Nikikataa na Mzee afe, nimemuua mara mbili. Nikikubali, mimi ni mchawi mpaka kaburini. Nilimwangalia mama yangu. Aliitoa ile nguo kwenye leso, akairudisha kwenye msumari.

"Nenda," akasema.

Nilimpitia Fahim Majengo. Nilitarajia anisute, maana alikuwa na haki. Alichukua mkebe wa vizibo na kitabu, akavaa kofia yake, tukaenda saa ya kuona wagonjwa.

Mzee Kagwe alikuwa kitanda cha mwisho, kando ya dirisha. Amefungwa bandeji kifua kizima na mkono wa kulia. Uso ulikuwa mzima, lakini mdogo, kama nguo iliyofuliwa ikanywea. Nilikuwa na hotuba yangu tayari na yote ikapotea.

"Baba Wainaina," Mama Gathoni akanong'ona. "Nimemleta."

Akafungua macho. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ile siku ya sukari.

"Wewe ndio uliniua?"

"Kwenye mchezo, Mzee."

"Kwa moto?"

"Kwa moto."

Akapumua. Kupumua kwenyewe kulikuwa kazi.

"Wanasema kulikuwa na nafasi ya kujiokoa. Kwa nini hukunipa?"

Jamani, niliogopa. Lakini kuna kuogopa kunakofika mwisho, ukabaki na ukweli tu.

"Kwa sababu na wewe hukunipa," nikasema. "Hukuniuliza hata swali moja."

Mama Gathoni akashika mdomo. Mzee akafumba macho. Nikadhani nimemmaliza!

Halafu akatoa mkono wa kushoto nje ya shuka, polepole, kiganja juu.

"Leta huo mkebe."

Fahim akausogeza hadi ukingoni mwa kitanda. Vidole vya Mzee vikaingia, vikachezacheza ndani, vizibo vikalia. Akatoa kimoja, akakifumbata, akakifumbua kidogo.

Nikakichukua haraka kabla mtu yeyote hajainama.

Ilikuwa nne.

Nne! Alihitaji kumi na mbili!

Mama Gathoni alikuwa amenishika pindo la sketi. "Ni ngapi? Ni ngapi, mwari wakwa?"

Nikafunga kiganja.

"Kumi na sita," nikasema. "Ameokoka!"

Kisha nikamwangalia Fahim, kwa sababu Fahim alikuwa amesimama kwenye bega langu la kulia na alikuwa ameiona. Yule mtu wa pointi moja wiki mbili. Yule ambaye mamake mwenyewe akikosea kuhesabu mahamri anamrudisha nyuma.

Fahim akachukua daftari kwa Mama Gathoni, akalifungua. Akafuta neno langu kubwa kwa raba, akapuliza uchafu, akaandika upya.

"Amepita," akasema. "Pigo ni nusu. Kumi na tano. Amebaki na kumi na tano."

Mama Gathoni akalia kwa kwikwi hadi nesi akaja kutufukuza.

Nje, Fahim aliketi kwenye ngazi, akainamisha kichwa.

"Wallahi, Ndinda, sijawahi kudanganya kwenye huu mchezo."

"Najua."

"Akifa je?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na woga wake.

Hakufa.

Wiki ikapita, ya pili, homa ikashuka. Daktari akasema ni dawa na moyo wa Mzee wenyewe, na mimi naamini daktari. Lakini nani angewaambia watu wa Ruiru na Landless?

Wao walisema alichokiweka amekiondoa. Basi ni mchawi kweli!

Mawe yaliisha, ndiyo. Wakaanza kuniheshimu, na hiyo heshima ni mbaya kuliko mawe. Watu walinipisha njiani. Mama mmoja wa Kalimoni aliniletea picha ya mumewe akitaka nimrudishe nyumbani. Mwingine alinifuata na kuku! Nilimfukuza na kuku wake nikaingia ndani nikalia.

Wainaina hakuja hata mara moja. Emmah alihamia zamu nyingine. Baraza la kina Fahim nikalikimbia, sikutaka kuona mkebe tena.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Halafu Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikasikia hodi.

Mzee Kagwe, na fimbo yake, shingo ina makovu. Nyuma yake Mama Gathoni, yule mzee wa kanisa mwenye miwani, Wainaina, na Emmah amejikunja kama mtu anayeumwa na tumbo.

Majirani wakatoka nje kama wameitwa mkutano.

Mama yangu akawatolea viti. Mzee akakataa kuketi.

"Mama Ndinda, kwako sitaketi kwanza. Mtoto wako alisimama kwangu, na mimi nisimame kwake."

Akaegemea fimbo yake.

"Watu wanasema nilikuwa nimelala siku ile," akaanza. "Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu. Nilimwona huyu."

Akanyoosha fimbo kwa Emmah.

"Nilikuwa nimemkataza kununua mafuta kule kando ya barabara, yale yanachanganywa na petroli. Akanunua. Na akayaongeza kwenye stovu ikiwa inawaka. Nikaona moto unapanda mkono wa mtungi. Niliruka, nikamsukuma nje ya mlango. Mimi ndio nikabaki ndani."

Emmah akaanguka magoti. "Baba, pole! Ndinda, pole! Niliogopa! Niliogopa wakijua ni mimi watanilaani!"

Kumbe! Daftari langu lilikuwa la kufunika mtungi wake wa mafuta.

"Nyamaza," Mzee akamwambia, si kwa ukali. Akanigeukia mimi. "Huyu aliogopa, ni mtoto. Mimi je? Nilijua tangu siku nilipofungua macho. Nikasikia wanakuita mchawi, nikanyamaza, kwa sababu ukiwa wewe mchawi, mtoto wangu hana kosa. Nilikunyima nafasi mara mbili, Ndinda."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitaja jina bila kulitema.

"Na kitu kingine," akasema, sauti ikashuka. "Ile siku ya mkebe nilitoa nne. Nilikiona kabla hujaninyang'anya. Ukasema kumi na sita. Nililala pale nikajiuliza, huyu ni mchawi gani wa kudanganya uchawi wake mwenyewe ili adui yake aishi?"

Mama Gathoni akamtazama mumewe, akanitazama mimi, mdomo wazi. Hakuwa anajua! Miezi mitatu alikuwa ameishi na ile kumi na sita.

Yule mzee wa kanisa akavaa miwani, akavua, akavaa tena, akasema mbele ya majirani wote kwamba jina langu ni safi.

Wainaina naye akapata sauti. Akasogea mbele, ametabasamu, "Sasa baba amekubali, Ndinda. Tunaweza kuendelea na mipango yetu."

Nikamwangalia. Nilikuwa nimempenda yule kijana hadi nikaua jitu kwa ajili yake.

"Wainaina, Emmah aliogopa moto. Wewe uliogopa nini?"

Alirudi kuangalia viatu vyake.

Sikuolewa naye, na sijutii. Emmah nilimsamehe, ilinichukua miaka sita, na urafiki haukurudi ulivyokuwa. Fahim yuko Thika hadi leo, ana wajukuu, na hajawahi kurudi kufuta ile kumi na tano.

Wadogo zangu, mtu yeyote aliyepewa kusoma sheria, awe hakimu, mwalimu, msimamizi au mzazi, atakutana na mahali kitabu hakijasema wazi. Hapo ndipo moyo wake unapoonekana. Mimi pale palipokuwa wazi niliweka chuki yangu, nikaiita sheria. Mpe mtu kizibo chake, hata kama humpendi. Usimwamulie kwamba amelala.

Mzee Kagwe alifariki mwaka wa 2009, kwa uzee tu. Nilikwenda Ruiru kumzika, na Mama Gathoni akaniketisha mstari wa familia. Watu waliongea juu ya wema wangu hadi nikaona haya. Walisema sikuwahi kumtakia mabaya.

Niliinamisha kichwa nikakubali. Yeye mwenyewe alikufa akiamini ulikuwa mchezo.

Mzee, haukuwa mchezo. Sikuwa na uchawi, lakini nilipoandika jina lako kwa herufi kubwa, nilitaka ufe. Nisamehe.